Aliyefundishwa Kutambaa

Soko la Manyatta, kaunti ya Embu, kwenye mpando wa kuelekea msitu wa Mlima Kenya. Mvua imekatika sasa hivi. PROBOX wa zamani anasubiri abiria wa mwisho, injini inanguruma. Nyuma yake yuko AQUA, gari la haibridi lenye injini na mota ya umeme, kimya. Chini ya gurudumu lake la nyuma kuna JIWE, aliyewekwa hapo na kijana wa steji asiyeamini gari lisilonguruma.

PROBOX: Mzee Jiwe, habari ya huko chini?

JIWE: Ni njema, ila huyu mgeni ni mzito kuliko anavyoonekana.

AQUA: Ni betri, mzee. Iko chini ya kiti cha nyuma. Uniwie radhi.

PROBOX: Nilikuona ukiingia, kijana. Dereva hakugusa mafuta, nawe ukaja mdogo mdogo hadi ukalibusu kapu la nyanya. Mama akakupiga kofi la boneti. Ni nani aliyekuwa akikusukuma?

AQUA: Kompyuta.

PROBOX: Mimi nikitambaa nina sababu. Kati ya injini yangu na giaboksi pamejaa mafuta. Injini inazungusha pangaboi moja, pangaboi linayavuruga mafuta, mafuta yanazungusha pangaboi la pili upande wa giaboksi. Maadamu injini inawaka na gia iko kwenye D, mafuta hayatulii, nami situlii. Breki ndiyo hunishika kiuno. Ni kasoro ya maumbile, wala sioni haya kuisema.

AQUA: Mimi sina mafuta hayo. Mota yangu ya umeme inaweza kusimama tuli mwaka mzima. Injini ikizimika, ningepaswa kukaa kama mzee Jiwe.

JIWE: Basi hukai kwa nini?

AQUA: Nilifundishwa. Ndugu yangu Prius alipoingia sokoni Japani mwaka 1997, madereva wa gari za otomatiki walikuwa wameshazoea kutambaa: kwenye foleni, kwenye kuegesha, kwenye geti la nyumbani. Basi kompyuta ikaagizwa: dereva akiachilia breki, mota isukume kidogo, akikanyaga, umeme upunguzwe. Mimi sitambai, naigiza.

PROBOX: Yaani walikuondolea ugonjwa, halafu wakakupandikiza dalili zake?

AQUA: Mteja asishtuke.

JIWE: *(anacheka, changarawe zinamdondoka)* Hayo nayajua. Embu mjini palikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki. Mwaka 2013 kaunti zikaingia, tukaambiwa serikali imeshuka mashinani, na kompyuta zikapangwa mezani. Hata leo kuna faili ambalo lingevuka jengo kwa kubonyeza kitufe, lakini linatembezwa kwapani, mlango hadi mlango, na chai katikati. Mwananchi asishtuke.

PROBOX: Na kwenye mpando kama huu inakuwaje?

AQUA: Hapo ndipo aibu ilipo. Kutambaa kwa kuigiza hakuna nguvu. Breki ikiachiliwa, narudi nyuma. Mwenye gari naye, badala ya kukanyaga breki, ananishikilia kwa mafuta. Umeme unaingia motani, gurudumu halisogei, joto linapanda. Fundi akimuuliza, anajibu, "Mbona Probox ya shemeji ilivumilia?"

PROBOX: Nilivumilia? Nani aliniuliza?

AQUA: Tukikwama kwenye foleni ananiweka kwenye gia ya N, ati nipumzike. Kwenye N sichaji betri hata injini ingurume mpaka jioni. Betri ikishuka, anasema Wajapani wamemuuzia takataka.

JIWE: Na huu unyamavu wako? Jana umempita mbuzi akatafuna mkia wa koti la mwenyewe kwa mshtuko.

AQUA: Nina mvumo, mzee! Japani ilitoa mwongozo mwaka 2010, na kanuni ya Umoja wa Mataifa ikafuata mwaka 2016: gari la umeme au haibridi lijitangaze kwa sauti mpaka mwendo wa kilomita 20 kwa saa.

PROBOX: Kumbe ni wewe? Mimi nilidhani ni friji ya buchari.

JIWE: Hutambai, wakakutambaza. Huna kelele, wakakupigisha kelele. Kilichobaki chako mwenyewe ni kipi?

AQUA: Bei ya betri.

*(Mwenye gari anarudi na mfuko wa parachichi. Taa ya kijani inawaka kwenye dashibodi. Aqua anajitoa nyuma ya Probox na kuondoka. Jiwe anabaki njiani, katikati ya lami.)*

JIWE: Wee kijana! Hujanirudisha kando!

AQUA: *(kwa mbali)* Hilo kompyuta haikuagizwa, mzee!

PROBOX: Jikaze. Lori la majani mabichi linapanda kwenda kiwandani Mungania.

JIWE: Lina breki?

PROBOX: Lina utingo. Na utingo ana jiwe lake.