Ndimu, Magadi na Redio ya Baba Mkwe

Baba mkwe alipokwenda Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho, alituachia amana tatu: jogoo, bakora na redio. Jogoo alikufa kwa kideri mwezi wa kwanza, tukampigia simu mwenyewe kumpa taarifa kwa sauti ya chini kama ya msiba. Bakora haina neno, ipo nyuma ya mlango mpaka leo. Ninayotaka kuisimulia ni habari ya redio.

Ni redio ya betri nne kubwa, zile za tochi ya mlinzi. Ina mkono wa kubebea, antena iliyovunjika ikaungwa kwa waya, na kitufe cha kutafutia stesheni kilicholika hadi kikawa laini kama punje ya kunde. Mzee aliinunua miaka mingi kabla ya kunipa mke, na jinsi anavyoitazama sina hakika ni lipi kati ya hayo mawili lilimuuma zaidi kuliacha mikononi mwangu. Tangu mama mkwe afariki, mzee anakaa nasi hapa Morogoro, na nyumba nzima huamka kwa taarifa ya habari yake. Betri nazo ana msimamo wake. Ukimsikiliza, ubora wa betri uliisha siku aliyostaafu. Anazitaja zile za National, za kiwanda cha Wajapani kilichoanza Dar es Salaam mwaka 1966, kama watu wanavyotaja wachezaji wa zamani.

Kabla ya kusafiri aliifunga redio kwa kanga ya marehemu mama mkwe, akaipandisha juu ya kabati, kisha akanikabidhi mfuko wa rambo, masalia ya enzi za kabla ya marufuku ya 2019. Ndani mlikuwa na betri nne.

"Mkwe, betri nimezitoa. Redio isiyosikilizwa hailali na betri tumboni. Tumesikilizana?"

"Tumesikilizana, baba."

Tulisikilizana hadi jioni ya mechi ya Simba na Yanga. Umeme ulikatika kipindi cha kwanza hakijafika nusu. Simu ya mwanangu ilikuwa na chaji asilimia nne, ya mke wangu ilishazima tangu mchana. Hakuna aliyesema kitu. Macho tu yalianza kupanda juu ya kabati, kila mtu kwa wakati wake.

Betri za mzee zilitoa sauti ya mgonjwa, kisha zikanyamaza. Lazima niseme kwamba zilishaanikwa. Mzee ana desturi ya kuzipanga juu ya bati jua la saa sita, pamoja na mihogo, na si ushirikina: joto huiharakisha kemia iliyolegea, betri ikaamka kwa taarifa ya habari moja au mbili. Inavyoamka hivyo ndivyo inavyojimaliza. Basi nikakimbia kwa Mangi.

"Nipe betri kubwa nne."

"Zimebaki mbili. Lakini hizi alikalaini, baba. Hizi ni moto."

Bei ya hizo mbili mimi nilidhani ni ya nne. Nikazichukua, nikarudi mbio, nikaziunga na mbili za mzee nilizoona maganda yake hayajachubuka. Redio ikanguruma. Mwanangu akanipigia makofi, nami nikajiona mhandisi. Matokeo ya mechi sitayataja, maana nyumba hii ina pande mbili na bado tunakula sufuria moja. Umeme uliporudi wote tulikimbilia sebuleni kwenye runinga. Mtu fulani akaipunguza redio sauti hadi mwisho, akaifunga kanga, akairudisha kabatini. Aliipunguza sauti, hakuizima. Kwenye redio ile kuzima kuna swichi yake pembeni. Mtu huyo hajajitaja hadi leo, na mimi nina sababu zangu za kutochunguza sana.

Miezi mitano ikapita. Jumatano moja mzee akapiga simu: macho yote mawili yamepona, anarudi Jumamosi. Mke wangu akapanda kiti ateremshe redio aifute vumbi, na kanga ikagoma kutoka. Ilikuwa imegandana na redio mgongoni, na pale ilipogandia pana doa la kahawia, bichi, la kunata.

"Baba watoto," akaniita, kwa ile sauti ambayo jina langu halimo.

Nilipofungua kifuniko, betri mbili za Mangi zilikuwa zimekaa safi kama maharusi. Mbili za mzee zilikuwa zimevimba, moja imetoboka ubavu, na majimaji ya rangi ya chai ya rangi yameteremka hadi kwenye springi. Springi moja ilikuwa imeshaliwa nusu. Vibati vya upande wa pili vilikuwa na ukoko wa kijani.

Baadaye nilielewa kilichotokea humo gizani. Betri nne zikikaa foleni, umeme unaopita kwenye ya kwanza ndio huo huo unaopita kwenye ya nne. Iliyochoka ikimaliza akiba yake, zenye nguvu haziisubiri. Zinaendelea kusukuma umeme kupitia tumboni mwake, wakati mwingine hadi chanya na hasi zinabadilishana mahali. Gesi ya haidrojeni inajaa ndani, na ukuta wenyewe ni mwembamba tayari. Maana hizi betri za kawaida, za bei ya chini, ganda lake la zinki ndilo chakula chake. Mfaransa Georges Leclanché alipoibuni aina hii mwaka 1866 ilikuwa chupa ya kioo yenye maji ya chumvi ya amonia, kitu cha kukaa rafuni. Miaka ya 1880 Mjerumani Carl Gassner akaondoa chupa, akageuza yale maji kuwa uji mzito, na kopo la zinki likawa chungu na kuni kwa pamoja. Nyumba inayopikia nguzo zake yenyewe lazima siku moja ivuje. Na mimi ndiye niliyeziweka nguzo zilizolika karibu na wanaume wawili wenye nguvu wakizisukuma usiku na mchana.

Siku ile hayo sikuyajua. Nilijua tu kwamba zimebaki siku tatu.

"Ndimu," alisema mke wangu.

Alikuwa na haki ya kusema. Mwaka uliotangulia rimoti ya king'amuzi ilikufa, tukaifungua tukakuta betri ndogo zimeota unga mweupe kama chumvi ya pwani. Yeye akakamulia ndimu kwenye kipamba, akasugua, ikachemka kidogo, akafuta, akakausha, na rimoti ipo kazini hadi leo. Tangu hapo ndimu ndiyo dawa ya betri nyumbani kwetu, na mwenye dawa ni yeye. Kidole chake kimoja kilichubuka siku hiyo, akasema ni kazi.

Ila betri za rimoti zilikuwa alikalaini. Hizo ni za ukoo mwingine. Mkanada Lewis Urry ndiye aliyezifikisha kwenye kuuzika, akiwa maabara huko Ohio, Marekani, miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba aliwashawishi wakubwa wake kwa kushindanisha magari ya kuchezea kwenye sakafu ya kantini, moja lina betri ya zamani na jingine lina yake. (Mwanangu alipoisikia habari hii ndipo kwa mara ya kwanza alipoona sayansi ina maana.) Ndani ya betri hizo mna haidroksidi ya potasiamu, ambayo ni alkali kali, ndiyo iliyomchubua mke wangu kidole. Ikivuja inakutana na hewa na kugeuka ule unga mweupe. Ndimu ni tindikali. Tindikali na alkali zinapooana, ukali wa zote mbili unaisha. Kwa hiyo kwenye rimoti mke wangu alikuwa mkemia kamili.

Majimaji ya betri za mzee hayakuwa alkali. Yenyewe yana tindikali. Tukakamulia ndimu tatu.

Ilikuwa kama kumwagia pilipili mtu anayelia kwa kitunguu. Hakuna kilichochemka, hakuna kilichosafika, na kufika jioni ile springi iliyoliwa nusu ikakatika yenyewe nilipoigusa kwa kijiti.

Hapo mke wangu akampigia dada yake aliyeolewa Nakuru. Nakuru ulikuwa mji wa betri, kiwanda chao kilifungwa 2014, na kwa shemeji yangu hiyo inatosha kumfanya kila mkazi mtaalamu. Simu ikawekwa spika.

"Mawe yametoa maji?" akauliza.

"Mawe gani tena?"

"Mawe ya redio, dada!"

Ilichukua muda kukubaliana kwamba huko betri ni mawe na kwamba hatukuwa tumetupiwa mawe na mtu. Shemeji akasikiliza, akauliza rangi ya maji, akacheka kwa sababu ambayo hakuieleza, akasema: "Ya kahawia? Hapo ni magadi. Ndimu mmeitoa wapi?" Mke wangu akamwambia mtandao unasumbua.

Kwa haki, shemeji alikuwa sahihi. Tindikali dawa yake ni magadi, haya haya ya kulainishia maharage. Asichokijua ni kwamba ndimu tatu zilikuwa bado mle ndani. Na asichouliza ni kiasi gani. Mimi nilikoroga kijiko kizima cha chakula kwenye nusu kikombe cha maji na kumimina.

Redio ikaumuka. Sijui neno jingine. Povu lilipanda kutoka kwenye tundu la betri, jeupe, likiimba, likafurika kingo, likashuka kwenye matundu ya spika na kuingia ndani kabisa kulikokaa nyaya. Mwanangu akaenda kuita wenzake waje waone. Mke wangu alikaa kwenye kigoda, akasema taratibu, "Baba yangu ametolewa mtoto wa jicho ili aje aone hivi."

Ijumaa asubuhi nilikuwa wa kwanza kwa fundi redio pale sokoni. Ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na meza yake ni makaburi ya redio za ukoo mzima. Alifungua skrubu, akakausha ubao kwa spiriti na mswaki, akasugua vibati kwa msasa, wala hakuuliza povu limetoka wapi. Ila alipofika kwenye springi alinyamaza, akasogeza redio kwenye mwanga.

"Hii naijua," akasema.

"Unaijuaje?"

"Risasi hii ni mkono wangu. Springi hii nimeibadilisha mara mbili. Hii itakuwa ya tatu." Akachomoa springi kwenye redio mfu iliyokuwa kiwiliwili tu. "Ya kwanza aliileta mama mmoja mtu mzima, ameifunga kwa kanga. Betri zimevujia ndani. Akaniambia nifanye haraka, mume wake asijue. Ya pili akaja mzee mwenyewe, alisahau betri ndani wakati wa safari ya mazishi. Na yeye akaniambia mke wake asijue."

"Na wewe hukuwaambia?"

"Ningewaambia ningekula nini?" Akachoma risasi, moshi ukapanda. "Shilingi 15,000. Na wewe asijue nani?"

Jumamosi mzee alishuka kwenye basi bila kushikwa mkono. Hilo nilikuwa sikulipanga hesabuni. Kwa miaka mingi tulimzoea mtu anayepapasa kikombe. Aliyeingia sebuleni alikuwa anasoma kalenda ukutani akiwa mlangoni. Alimwambia mjukuu wake kwamba amerefuka na amekonda. Aliona utando wa buibui kwenye kona ambayo sisi wenyewe hatukuwahi kuiona. Akaniangalia kidogo, akasema, "Mkwe, kumbe una mvi." Nilisema shikamoo kwa mara ya pili.

Chai ikaletwa, redio ikaletwa. Nilikuwa nimenunua betri nne mpya, za aina moja, kwa siku moja, duka moja, nazo zilikuwa pembeni, nje ya redio, kama alivyoagiza. Mzee akaigeuza redio, akafungua kifuniko, akatazama. Springi mpya iling'aa mle ndani kama jino la dhahabu. Akatia betri, akawasha, akapata stesheni kwa mkupuo mmoja. Akasikiliza dakika moja hivi, akazima kwa swichi ya pembeni, akazitoa betri zote nne na kuzipanga mezani.

Mke wangu alipumua.

"Kanga iko wapi?" mzee akauliza.

Ilikuwa kambani, imefuliwa mara tatu. Mwanangu akaileta. Mzee akaikunjua magotini polepole, akaigeuza kuelekea dirishani. Doa letu lilikuwepo, la kahawia, limegoma sabuni zote. Lakini karibu na pindo kulikuwa na jingine, limefifia, la miaka, ambalo kwa muda wote huo sisi tulidhani ni ua la kanga.

Akaweka kidole juu ya lile la zamani.

"Hili ni la mama yenu," akasema. Kidole kikahamia kwenye lile jipya, akainua macho yake yaliyopona na kunitazama. "Na hili ni la mechi gani?"