Gari Lisilolala

Jumamosi ya kwanza nilidhani kosa ni langu. Saa kumi na moja alfajiri, magunia matupu nimeshayakunja kwenye buti, chupa ya chai iko kiti cha mbele, nikabonyeza rimoti. Kimya. Nikafungua mlango kwa ufunguo kama ninayefungua stoo, nikakaa, nikawasha. Gari likasema "ti", mara moja tu, kama mzee aliyeamshwa akaona aliyemwamsha si mtu wa kumfanya aamke. Taa za dashibodi zikafifia hadi zikazimika. Hata yule mama wa Kijapani, ambaye tangu gari lije hutuhutubia kila tukiwasha kwa maneno ambayo hakuna mtu Ibinzamata anayeyaelewa, siku hiyo hakuwa na la kusema.

Gari lenyewe lilikuwa na miezi minne tu nchini. Namba E. Kwetu gari likishuka bandarini Dar es Salaam na kupachikwa namba E ni jipya, hata kama huko Japani lilishapeleka watoto wa watu shule miaka kadhaa. Baba Kulwa alilinunua kwa fedha ya makarasha. Yeye ni fundi wa zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Kazi zake ziko Nyarugusu, chumba cha kupanga kiko Geita mjini, nyumbani Shinyanga anakuja mwisho wa mwezi. Kwa kuwa chumba cha Geita hakina uzio, gari likaja kuishi na mimi, pamoja na mama yake mzazi na pacha wetu wawili wa miaka tisa.

Mimi ninauza mchele. Kila Jumamosi ninakwenda Kahama, zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, nikirudi na magunia. Siku nyingine zote genge langu liko hatua chache kutoka nyumbani, gari linabaki kwenye kibanda cha bati likipigwa vumbi.

Asubuhi ile majirani walitoka kwa moyo mmoja kusukuma. Wakasukuma hadi getini ndipo mmoja akauliza, "Kwani ni auto?" Nikasema ni auto. Wakaachia wote kwa pamoja. Gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Tuko katikati ya Usukuma na tuna gari lisilosukumika! Jirani mwenye Noah akaleta waya za kubusti, gari likawaka, mama wa Kijapani akarudi na hotuba yake, nikaenda Kahama nikarudi. Mambo yakaisha.

Jumamosi iliyofuata, "ti".

Nikampigia Baba Kulwa. Mtu anayefungua karasha na kulifunga gizani hakuona jambo hapo. "Mmeacha taa," akasema. Nikasema hatukuacha taa. "Basi ni Kulwa na Doto wanasikiliza redio." Pacha wakawekwa kizimbani. Kulwa akamtaja Doto, Doto akamtaja Kulwa, na kabla kesi haijafika mbali wote wakakiri kosa ambalo sikuwa nimewashtaki nalo: walikuwa wanakwenda garini kula sukari guru. Nikawapiga marufuku kusogelea kibanda, nikaficha funguo kwenye debe la unga.

Jumamosi ya tatu, "ti". Unga ulikuwa umejaa kwenye rimoti.

Sasa ikawa zamu ya betri yenyewe kushtakiwa. Muuza betri mmoja wa mjini hakupima chochote. Aliigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, akasema, "Hii imekufa, mama. Hizi zinazokuja na meli zinakuja zimechoka." Nikatoa fedha ya gunia zima la mchele nikanunua mpya. Baba Kulwa akapiga simu jioni ile ile. "Mlichukua muda mrefu pale dukani, walikuwa na foleni?" Nikamwambia ndiyo, nikajisikia vizuri kuwa na mume anayejali hata foleni.

Kusema kweli, hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Tangu gari lije, Baba Kulwa alikuwa amekuwa mtu mwingine. Nikiingia tu Kahama, simu inaita: "Umefika salama?" Nikisimama Tinde kununua maji, simu: "Usichelewe njiani." Kwenye kikoba chetu niliwahi kuwaambia wenzangu kwamba mapenzi ya kweli yana mtandao wake. Walipiga makofi.

Betri mpya ikavumilia wiki ya kwanza kwa shida, gari likawaka kwa kujikokota. Wiki ya pili, "ti".

Usiku ule mama mkwe aliniita. Yeye huamka mara mbili tatu usiku kwenda uani, na kila akipita kwenye kibanda hutupia gari jicho. "Mkamwana," akasema, "gari lenu halilali."

"Halilali vipi, mama?"

"Lina kijicho. Chekundu. Kinafumba kinafumbua, kama kimulimuli, kule chini penye miguu. Nimekiona tangu mvua za kwanza."

Nikajua ni taa ya alamu, nikamwambia alale. Sungusungu wa Usukumani na Unyamwezini walipoanza kulinda ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1980, mama alikuwa kijana. Anajua kutofautisha kilicholala na kinachojifanya kimelala. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshaamua kwamba tatizo ni la kitaalamu, na wataalamu hawaendi uani usiku.

Jumanne nikamleta fundi umeme wa magari, kijana aliyesomea VETA, mwenye mita ya waya mbili na subira ya mvuvi. Akaanza na betri. Ikasoma volti 11.3. "Iliyoshiba ikiwa imetulia inasoma 12.6," akasema. "Ikifika 12 ujue imebaki mifupa." Akabusti, akapima tena injini ikiwa inaunguruma: 14.2. "Altaneta ni nzima. Chaji inaingia vizuri. Basi kuna mlaji."

Akazima gari, akafungua boneti, akaubana mdomo wa kitasa cha mlango kwa bisibisi ili gari liamini mlango umefungwa. Kisha akachomoa waya wa hasi kwenye betri na kuiweka mita katikati, ili kila umeme unaotoka upite mikononi mwake. Nikamuuliza mbona amekaa. "Tunangoja lisinzie, mama. Magari ya sasa yana kompyuta ndogo ndogo, ukizima hazilali hapo hapo. Ukipima haraka utamsingizia asiye na kosa." Nikawafikiria Kulwa na Doto.

Tukanywa chai. Baada ya nusu saa mita ikatulia kwenye 0.21. Gari likilala, akasema, linatakiwa kula chini ya ampea 0.05, za saa na kumbukumbu tu. Akachukua kipande cha boksi akanipigia hesabu, nami ni mtu wa mizani, hesabu ya kula kidogo kidogo ninaielewa: 0.21 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 5 kwa siku. Betri ndogo kama ile inabeba kama 35. Jumapili hadi Ijumaa ni siku sita, zimeondoka 30. Jumamosi alfajiri unaikuta sufuria tupu. Na betri ya gari, akaongeza, haikuumbwa ikombwe hadi chini. Kila ikikombwa sahani zake za ndani zinaota ukoko, na joto la Shinyanga linamalizia. Ndiyo maana ile ya kwanza ilikufa kweli, na hii mpya ilikuwa njiani.

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, macho kwenye mita. Redio: 0.21. Taa za ndani: 0.21. Honi, vioo, kiberiti cha sigara: 0.21. Alipomaliza kisanduku kizima akakaa kitako. "Huyu hakuingia kwa mlango wa mbele. Ameunganishwa kabla ya fyuzi."

Akalala chali chini ya usukani, miguu nje, na kwa muda nikaona viatu vyake tu. Kisha mkono ukatoka. "Mama, shika hapa."

Nikashika. Kilikuwa kidude cheusi cha mraba, kidogo kuliko kiberiti, kimefungwa gundi ya karatasi kwenye rundo la waya. Kilikuwa cha moto. Moto wa kadiri, kama yai lililotoka kutagwa. Ni rilei, akasema. Gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi, na hiyo rilei ilikuwa kazini. Pembeni yake, waya mwekundu ulielekea kwenye kiboksi kingine bapa, na juu ya kiboksi hicho kijicho chekundu kilifumba, kikafumbua.

"Ni kifaa cha kufuatilia gari," fundi akasema. "Kina laini ya simu ndani. Mwenye namba anaona gari liko wapi, na akitaka analizima kwa meseji. Hiyo rilei ndiyo ya kuzimia. Ilitakiwa iamke siku ya wizi tu. Aliyefunga amekosea, ameifunga kinyume, iko macho saa zote. Ndiyo inayokula."

Sungusungu nao hupokezana zamu. Hiki hakikuwa na zamu.

Fundi akaniangalia, akaangalia chini, akaanza kusafisha bisibisi iliyokuwa safi. Kichwani mwangu simu zilikuwa zinaita moja baada ya nyingine. Umefika salama? Usichelewe njiani. Walikuwa na foleni? Gari lilipotoka Dar es Salaam lilipitia Geita kwanza, likakaa siku tatu. "Ninalifanyia usafi," aliniambia.

Nikamuuliza fundi, "Ukikitoa kitazimika hapo hapo?"

"Rilei ndiyo. Hicho kiboksi kina kibetri chake ndani. Kitadumu kama saa tatu hivi."

"Wabeja," nikamwambia. "Vitoe vyote viwili Jumatano asubuhi, kabla ya saa mbili."

Kesho yake, saa mbili, basi la Mwanza na Geita lilipokuwa linapakia, nilimkabidhi konda kifurushi cha Baba Kulwa. Kilikuwa na michembe ya mama yake, karanga, na chini kabisa, ndani ya soksi, kijicho chekundu kikifumba na kufumbua.

Saa nne kasoro akapiga. "Mama Kulwa, habari za huko? Leo hutoki?"

"Sitoki. Ninachambua mchele."

Kimya kirefu. "Gari lipo?"

"Lipo kibandani." Na lilikuwepo. Basi, kwa hesabu zangu, lilikuwa Misungwi.

Simu ya pili iliingia saa tano ikikaribia. Unajua pale Kigongo, ambapo zamani tulikuwa tunangoja kivuko hadi miguu inavimba. Tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 linalokatiza Ghuba ya Mwanza hadi Busisi. Lakini ramani ya simu ya Baba Kulwa ilikuwa haijapata habari za daraja. Kibetri kikaamua kukata roho katikati yake. Kwenye kioo cha simu, gari lake la namba E lilikuwa limesimama ndani ya Ziwa Victoria, maji ya bluu pande zote, halisogei.

"Mama Kulwa! Uko hai?"

Sikujibu upesi. Nilitaka nisikie atauliza nini cha pili. Akarudia lile lile, sauti imepasuka: "Uko hai? Watoto wako nawe?" Gari hakulitaja.

"Niko jikoni, mume wangu," nikasema. "Wewe umeniona wapi?"

Nikasikia makarasha ya Nyarugusu yakisaga nyuma yake kwa muda mrefu sana.

Ijumaa akaja kwa basi, bila kuambiwa, betri mpya mapajani kama mtoto wa kuazima. Alieleza habari za wezi wa magari, akaeleza tena, kisha akaacha kueleza. Nilimpa kile kipande cha boksi chenye hesabu za fundi. Akazisoma kama fundi mwenzake, akatikisa kichwa mahali penye 0.21, akaenda kuwaomba radhi Kulwa na Doto, ambao waliidai kwa sukari guru.

Usiku wa manane nilisikia mlango wa uani. Mama mkwe alikwenda, akasimama kidogo kwenye kibanda, akarudi. Akapitia dirishani kwetu.

"Mkamwana."

"Mama."

"Leo limelala."