Sista Mwenye Ndevu

Mgonjwa wangu wa kwanza baada ya kupata leseni alikuwa mbuzi. Nilishuka kwenye basi pale Lugoba saa nane mchana, begi mgongoni, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nimeihifadhi ndani ya bahasha ya plastiki kama hati ya shamba. Sijafika hata nyumbani, jirani akanishika mkono.

"Daktari, umerudi! Njoo umwone huyu, tangu jana hacheui."

Nikamweleza kuwa mimi ni muuguzi, nimesoma stashahada miaka mitatu, na kwamba nimesomea binadamu. Akanitazama kwa huruma. "Basi mwone kidogo tu."

Nikamwona kidogo. Alikuwa amekula rambo. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, sasa sijui mbuzi yule alikuwa na duka gani la siri.

Jioni barazani kwetu pakawa na foleni. Mzee mwenye presha, mtoto mwenye upele, na kijana aliyetaka kujua kama dawa mseto aliyoandikiwa Februari inaweza kumaliziwa Mei, maana alibakiza vidonge nane. Nikamwambia dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne vinne mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na vyote humezwa. Akasema homa ilikwisha siku ya pili, sasa vilivyobaki angemezea nini? Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi: sina barua, sina mshahara, nalipwa mihogo.

Humo ndani namo kila mtu alishanichagulia ajira. Mama alitaka serikalini, na serikalini tu: pensheni, pamoja na mkopo wa benki wa kumalizia nyumba iliyoishia kwenye lenta tangu niko darasa la tano. Mjomba alitaka niende machimbo ya kokoto, kwa hoja kwamba Dar es Salaam haitaacha kujenga ghorofa na Lugoba haitaishiwa mawe. Bibi yeye alikuwa bado yuko kwenye swali la kwanza kabisa: mwanamume anakuwaje sista? Nikamwambia siku hizi wauguzi wa kiume tuko wengi. Akafikiri sana.

"Na ndevu wanakuachia?"

Maombi ya serikali niliyatuma kwenye Ajira Portal, nikarudia baada ya kugundua kwamba pale palipotakiwa barua ya maombi nilikuwa nimepandisha picha yangu ya mahafali, nimebeba mshumaa kama Florence Nightingale na shada la maua shingoni. Wakati nikisubiri, nikaitwa kwenye usaili katika kliniki moja ya binafsi Dar es Salaam. Jina lake nalificha, kwa sababu aibu yenyewe ni yangu.

Nilivaa shati jeupe. Kosa. Kutoka Lugoba hadi Chalinze tulifuatana na lori la kokoto, dirisha la kiti changu halifungi, na nilipofika mjini nilikuwa na rangi ya saruji. Dada wa mapokezi aliponiona akasimama. "Pole sana, kaka. Umeanza lini kujisikia hivi?" Kabla sijajibu nilikuwa nimeshapimwa uzito. Nilipofungua mdomo kueleza, nikawekewa kipimajoto. Presha ilikuwa juu, na kwa nini isiwe juu? Nikalipia faili shilingi elfu kumi, nikakaa foleni, nikaingia kwa daktari. Naye ndiye aliyekuwa akinisubiri kwa usaili.

Aliisoma karatasi yangu ya vipimo, kisha wasifu wangu, kisha akarudia karatasi ya vipimo. Akauliza uzoefu. Nikasema ndiyo nimemaliza chuo. Akasema wanataka mwenye uzoefu wa miaka miwili. Nikauliza huo uzoefu mtu anaupata wapi kama kila mahali wanautaka kwanza. Akasema hilo ni swali zuri, akaniandikia nipunguze chumvi. Elfu kumi haikurudi.

Basi nikaenda kokoto. Meneja alinipokea vizuri, akanionyesha chumba cha huduma ya kwanza: kitanda kimoja, sanduku lenye bandeji moja, na mapipa mawili ya oili. "Kwa kuwa watu hawaumii kila siku," akasema, "utakuwa unahesabu malori getini. Saa nne unachemsha chai." Kisha akataja mshahara. Nililazimika kukaa kwenye kitanda cha majeruhi. Akasema angeongea na bosi wake, halafu anipigie ndani ya wiki. Namba yake nikaihifadhi kwa jina la Meneja Kokoto, na kuanzia siku hiyo simu sikuiweka mbali, hata bafuni.

Wiki hiyo, ili mikono isisahau kazi, nikaomba kujitolea kwenye zahanati moja isiyo mbali na nyumbani. Malipo nauli ya bodaboda na chai. Hapo ndipo nilipojua kwamba chuoni walinificha jambo. Walinifundisha kumwandaa mgonjwa kwa sindano ya tako, hawakunifundisha kumwandaa mama mkubwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo. Naomba ulegeze kitenge kidogo."

Kimya. Bomba la sindano mkononi, jasho kwapani. "Wewe," akasema taratibu, "wewe niliyekubeba mgongoni kukupeleka kliniki, ukanikojolea mpaka kwenye kanga ya ndani?" Akajifunga kitenge upya, akasema anahisi nafuu, akaenda zake.

Usiku wa Alhamisi akaletwa mjamzito, uchungu umekolea, na mkwewe, bibi mmoja mkavu ambaye ni kungwi na amezalisha watoto wengi kuliko ninaoweza kuwahesabu. Mwenzangu wa zamu alikuwa ametoka kufuata mafuta ya jenereta, na haikupita muda umeme ukakatika. Bibi akanimulika kwa macho tu gizani. "Kijana, wewe humu unatafuta nini?"

"Mimi ndiye nesi, bibi."

"Sista mwenye ndevu," akasema, kama anayeandika kwenye daftari.

Hapakuwa na nafasi ya kubishana. Kichwa cha mtoto kilishaonekana. Nilikuwa na glavu mikono yote miwili, kwa hiyo nikabana simu kwa meno, tochi ikitazama panapohusika. Nightingale alikuwa na taa, lakini taa yake haikuwa na laini. Mabega ya mtoto yalipokuwa yanatoka, simu ikaanza kutetemeka, na meno yangu yote ya mbele nayo. Mwanga ukawa unacheza ukutani kama harusini.

Mtoto akalia. Simu bado inaita. Nilikuwa namfuta mtoto, oksitosini inanisubiri, mate yananitiririka kidevuni, na sauti pekee niliyoweza kutoa ilikuwa "mmh, mmh". Bibi akainuka, akanichomoa simu mdomoni, akaifutia kwenye kanga, akasoma kioo kwa mbali kama wasomavyo wazee.

"Meneja Kokoto," akasema. Akabonyeza, akaiweka sikioni, na tochi ikamulika dari.

"Haloo. Nani? Hapana, hawezi kuongea. Huyu sista ana kazi."

Akakata, akanimulikia kitovu.

Meneja hakupiga tena.