Ukuta Ulioua Msandali Wetu

Mke wangu alipanda misandali miwili nyuma ya nyumba yetu hapa Iringa. Kwa msandali, dume ni mti wake na jike ni mti wake. Jike ulikaa kando ya wigo, na kila ulipozaa, watoto na ndege waligombea vitunda vyake vyekundu.

Ilipokaribia sendoff ya binti yetu, niliona haya kupokea wakwe kwenye wigo wa majani. Mke wangu alikuwa kwao akimuuguza mama yake. Akanisihi kwa simu msandali usiguswe, nami sikugusa hata tawi. Niling'oa wigo tu, fundi akachimba msingi na kupandisha ukuta wa matofali ya kuchoma.

Baada ya wiki chache, majani yale ambayo hayapukutiki masika wala kiangazi yakaanza kuwa manjano. Nikamwagilia asubuhi na jioni, nikaweka samadi. Mti ukazidi kunyong'onyea.

Mke wangu aliporudi hakunigombeza. Alipiga magoti, akafukua udongo kwa vidole, akanionyesha vinundu vidogo kama vifungo vya shati, vimeng'ang'ania vipande vya mizizi ya wigo.

“Baba Rehema, mti umeuacha, chungu chake umekivunja.”

Ndivyo ulivyo msandali. Majani yake hujitengenezea chakula, lakini mizizi yake hunyonya maji na madini kwenye mizizi ya jirani. Wigo wetu ulikuwa wa Dodonaea viscosa, mmoja wa majirani unaoelewana nao sana. Ndiyo maana porini utaukuta katikati ya vichaka, kwenye miteremko ya mawe na pembezoni mwa misitu mikavu. Jike ulikauka kabla ya sendoff.

Uchungu wangu ni kwamba mti huu unatoweka. Mafuta yake ya manukato yamo kwenye mizizi na moyo wa shina, kwa hiyo wachimbaji huung'oa mzima. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya misandali ya Afrika Mashariki, ikiwamo yetu ya Tanzania.

Mke wangu aliokota vitunda vilivyoiva, akasia mbegu kivulini. Kila mche ulioota tumeuwekea mche wa Dodonaea kwenye kiriba kimoja. Nawe ukiupata msandali, uupande na jirani yake, na jembe lisipite kati yao. Ukiuziwa mizizi yake kwa magendo, usinunue.

Miche mitatu imeshika. Kama kuna jike, tutajua itakapochanua.