Ngojeni Dakika Moja, Jamani

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba kitu cha bure hakina foleni.

Mimi naandika programu huria. Kwa lugha ya shemeji yangu, maana yake nakesha bila kulipwa. Yenyewe ni maktaba ndogo ya JavaScript inayozungumza na API ya Lichess, ile tovuti ya sataranji aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Lichess haina matangazo, haitozi mtu, msimbo wake uko wazi, na inaendeshwa kwa michango. Programu yako ikitaka michezo aliyocheza fulani, au kufuatilia mchezo unaoendelea, inapiga hodi kwenye API, inaomba, inapewa. Maktaba yangu kazi yake ni kupiga hodi hiyo kwa adabu.

Haya yote nilimweleza shemeji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo mshahara unatoka kwenye drafti?" Nikamwambia si drafti, ni sataranji. "Sawa. Unatoka?" Nikamwambia hautoki. Akamtazama dada yangu. Dada akaongeza sauti ya televisheni.

Shemeji namsamehe, hajawahi kudai ananijua kikazi. Walionichosha ni wale wanaoitumia maktaba yangu.

JavaScript ilitungwa na Brendan Eich mwaka 1995, kwa siku 10 tu kama inavyosimuliwa, na hadi leo msimbo wako unafanya jambo moja kwa wakati mmoja. Ikisimama kungoja jibu kutoka seva ya ng'ambo, ukurasa mzima unaganda, ubonyeze usibonyeze. Dawa yake ni kutuma ombi, kuendelea na shughuli nyingine, na jibu likifika ndipo unaitwa. Zamani tulifanya hivyo kwa kutumbukiza funksheni ndani ya funksheni ndani ya funksheni, msimbo ukawa unahamia kulia mpaka unatoka kwenye skrini. Mwaka 2015 lugha ikapewa Promise rasmi, yaani ahadi ya jibu litakalokuja, na 2017 ikaongezewa async na await. Tangu hapo mtu anaandika kwa utulivu: ngoja hiki kifike, kisha fanya kile.

Mashine ikajifunza kungoja. Binadamu bado.

Kijana mmoja alinitumia malalamiko yenye kichwa "HAIFANYI KAZI" na picha ya skrini aliyoipiga kwa simu, imelala upande, sahani ya chipsi ikionekana pembeni. Kwenye skrini paliandikwa Promise na pending, yaani jibu liko njiani. Hakuweka await. Ameomba michezo na hapo hapo anataka kuichapisha, kabla ombi lenyewe halijatoka nyumbani kwake. "Maktaba yako inarudisha takataka," akaandika. Nikamjibu neno moja, await. Hakurudi. Hakusema hata asante, kwa hiyo nadhani ilifanya kazi.

Mwingine alikuwa na orodha ya wachezaji wa klabu nzima. Mwongozo wa Lichess unasema bila kuficha: tuma ombi moja kwa wakati, na ukirudishiwa 429, yaani umeomba kupita kiasi, kaa dakika moja nzima ndipo uendelee. Kwa sababu hiyo niliweka foleni ndani ya maktaba, kila ombi lipite kwa zamu yake. Bwana huyu aliing'oa foleni "ili iende kasi", akayafunga maombi yote ndani ya Promise.all na kuyafyatua kwa mpigo. Seva ikamjibu 429. Akafyatua tena. Baadaye akanijia juu kwamba maktaba yangu imefungiwa. Na bosi wake, akaongeza, anataka kujua lini "mtamaliza" kurekebisha. Mtamaliza na nani? Niko peke yangu hapa, mimi na feni.

Na sehemu ya maktaba iliyonitoa jasho hakuna anayeitaja. Ukiomba michezo mingi, inaweza kuja ikitiririka, kila mchezo kwenye mstari wake, nawe unasoma wa kwanza huku mingine iko njiani. Tatizo ni kwamba mtandao haujui mstari ni nini. Unakata popote. Kipande kimoja kinaishia na DrNyk, kinachofuata kinaanza na terstein, na hiyo ndiyo akaunti ya Magnus Carlsen iliyokatwa kiuno. Maktaba inashika kiporo, inangoja kipande cha pili, inaviunga, ndipo inakukabidhi mchezo mzima. Kwenye mchezo unaoendelea, wachezaji wakizama kufikiri, seva inatuma mistari mitupu ili muunganisho usikatike. Ukijaribu kuusoma mstari mtupu kama data ya JSON, programu inakufa hapo hapo, kwa hiyo maktaba inauruka. Mambo haya niliyaeleza kwa kituo kwenye README, faili la maelezo ya maktaba. Najua hayasomwi, kwa sababu swali ninaloulizwa kila mara ni kama kuna README.

Yuko pia aliyetaka maktaba imnong'oneze hatua ya kucheza wakati mchezo unaendelea. Nikamweleza kwamba Lichess inaruhusu injini, yaani programu inayocheza sataranji, icheze kwenye akaunti ya BOT tu, na akaunti hiyo inageuzwa kabla haijacheza mchezo hata mmoja, wala hairudi tena kuwa ya binadamu. Akatafakari, akaniuliza kama basi naweza kuongeza kitu cha kumchelewesha mpinzani.

Leseni niliyotumia ni ya MIT. Inasema programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote, na sehemu hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa hizo hazijamzuia mtu kunidai.

Sasa sikilizeni, ndugu watumiaji. Someni README. Wekeni await. Foleni iacheni ilipo, na mkipewa 429 ngojeni dakika moja. Hao wenye seva nao wanaishi kwa michango. Ukikuta hitilafu ya kweli, nitumie msimbo wako, toleo la Node unalotumia na ujumbe wa hitilafu kwa maandishi, chipsi ule mwenyewe. Na ukiweza kuirekebisha, irekebishe unitumie. Jina lako litaingia kwenye orodha ya wachangiaji, na mshahara wako utalingana kabisa na wangu.