Farasi Walitendewa Wema Zaidi

Katika jimbo la Cornwall, pembeni kabisa mwa Uingereza upande wa kusini magharibi, ipo njia itokayo bandari ndogo ya Portreath, katika pwani ya kaskazini, ikakata nchi hadi kijiji cha Devoran kilicho upande wa pwani ya kusini, mwendo wa maili 11. Na kila aisifuye njia hiyo husema kwamba ni nyepesi, hata watoto wa shule huimaliza kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana. Sina ugomvi na watoto hao. Nisemalo ni kwamba wepesi wa njia hutegemea umri wa magoti, na kijana amwambiaye mtu wa makamo, "Ni mserereko tu, mjomba," sharti kwanza aulizwe amezaliwa mwaka gani.

Aliyeniambia hivyo ni mpwa wangu, aliyezaliwa Tanga akakulia huko baridini, mtoto mwenye adabu zote isipokuwa ile ya kwenda polepole.

Walakini insafu ni kitu bora, na wepesi wa njia ile una asili yake. Mwaka 1809 wenye migodi ya shaba walianza kutandika reli za kuvutwa na farasi kutoka Portreath kuelekea migodi ya bara, na katika miaka ya 1820 wengine wakajenga reli yao ya kuteremshia shaba hadi Devoran. Shaba hiyo ilipakiwa merikebuni ikapelekwa Wales kuyeyushwa, kwa kuwa Cornwall haina makaa ya mawe, na merikebu zikarejea na makaa ya kulisha mitambo ya mvuke iliyokuwa ikivuta maji migodini usiku na mchana. Basi maadamu mvutaji alikuwa farasi, na farasi ni mali, wahandisi walichunga sana asikabiliwe na mwinuko wa kumvunja moyo: penye kilima njia ikazungushwa au ikachimbwa, penye bonde ikajazwa kifusi, hata ikalala kiungwana. Farasi wamekwisha, reli zimeng'olewa, ile ya Devoran ilifungwa mwaka 1915. Lakini hisani aliyofanyiwa farasi ingali ardhini, na waendesha baiskeli ndio warithi wake.

Yamebaki na mawe. Reli za zamani hizo zilikazwa juu ya vipande vizito vya mawe ya matale, kila kimoja na tundu lake ambamo msumari ulipigwa, na vingi vingali vimelala mahali vilipolazwa. Mtu aendaye kwa miguu huvistaajabia kama athari za kale; mwenye kupita juu yake kwa baiskeli ya kukodi huvitambua kwa meno. Yangu yalianza kugongana, miwani ikacheza puani, na kengele ya usukani ikawa inalia yenyewe pasi na kuguswa, kwa mlio mrefu wa haraka, kiasi kwamba kila tuliyemkuta mbele yetu alijitenga kando akaegemea kichaka na kutupisha. Nami kwa kuwa haikuwezekana kuwaeleza wote kwamba hodi ile si yangu bali ya mawe, niliinua mkono nikawapungia kwa heshima, nikaendelea kupita kwa shangwe isiyonistahili.

Nilikuwa na njaa, na hilo halikuwa kosa la mawe. Kule Portreath kabla ya kuondoka tulinunua ule mkate wa Cornwall, ambao kwa kawaida hujazwa nyama ya ng'ombe, viazi na vitunguu, ukakunjwa ukingo kama sambusa iliyopata cheo. Wangu, kwa sababu za dini, ulikuwa wa jibini. Niliufungua, nikaugeuza kutafuta upande wa kuanzia, nikatamka bismillahi. Na ghafla bin vuu shakwe mmoja, mnene, mwenye jicho la manjano na uso wa mtoza ushuru, akashuka kutoka nyuma ya bega langu akautwaa mzima mzima. Hakukimbia. Alitua juu ya ukuta wa bandari, karibu kiasi cha kuzungumza naye, akaula huku akinitazama. Mpwa wangu alinipa nusu ya mkate wake, kisha akakumbuka una nyama ambayo mimi simjui mchinjaji wake, akaumaliza mwenyewe kwa huzuni niliyoiona ni fupi mno.

Alhasili tulifika bonde la Poldice. Hapo nchi hubadilika sura: pande zote ni chungu za vifusi vilivyotolewa mgodini, vyekundu, vya kijivu, vya manjano, wala majani hayaoti juu yake ila kwa taabu, kwa kuwa pamoja na shaba na bati ardhi hii ilitoa aseniki, na sumu haina haraka ya kuondoka. Majumba ya mitambo yamesimama bila mapaa, na baadhi ya mashimo ya mgodi yamefunikwa kwa wavu wa chuma, ili watu wasiingie na popo wapate kutoka. Mahali pa kutafakari, lakini vijana wamepageuza uwanja wa kurukia baiskeli, wakapanda chungu hizo na kujirusha kutoka vileleni.

"Mjomba, tuiache njia kidogo," akasema mpwa wangu.

Kupanda tulipanda. Kushuka, baiskeli ilikuwa na rai yake. Breki ya mbele ilishika kwa bidii ambayo ya nyuma haikuiunga mkono, gurudumu likazama katika changarawe, nami nikapiga mweleka, nikapitia kichaka cha miiba yenye maua mazuri ya manjano, nikaishia katika dimbwi la maji ya rangi ya kutu. Bonde la Poldice limo katika nchi ya migodi ambayo UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Basi ngozi ya kiwiko changu cha kulia sasa imehifadhiwa pamoja nayo.

Miiba ikatoboa tairi. Tukapindua baiskeli kwenye manyunyu, mpwa wangu akatoa mpira, akausugua, akapaka solusheni, akapuliza, na kiraka kikakataa kushika kwa sababu ya unyevu, akarudia tena huku nikimfunika kwa koti langu. Suruali, iliyokuwa nyeupe, nayo ilibaki na rangi ya machungwa. Madoa ya aina hiyo yana historia: Januari 1992, mgodi wa Wheal Jane ulipokuwa umefungwa na pampu zimezimwa, maji yake yalifurika yakaingia mto Carnon, ukageuka rangi ya machungwa hadi baharini. Mto ulisafishwa. Suruali yangu fundi wa kufua aliitazama, akanirudishia.

Msomaji utakayekwenda huko, nenda. Nchi ni nzuri, njia haina kiingilio, na kutoka kijiji cha Bissoe hadi Devoran ni tambarare ya kumfaa hata bibi harusi. Ila kijana akikualika uiache njia ya farasi upande vichuguu, mwambie atangulie, nawe keti umngoje. Mkate wako ulie ndani ya nyumba. Na suruali, vaa nyeusi.