Jinsi ya Kwenda Fainali ya Timu Mbili Zisizojua Kufungwa

Vijiji viwili jirani vya delta ya Rufiji vikifika fainali ya ndondo mjini Kibiti, na vyote havijapoteza mchezo tangu hatua ya makundi, anayehitaji maandalizi kuliko wote ni shabiki. Mchezaji ana kocha. Shabiki ana mdomo tu, na tunajua mdomo uliponza nini. Fuata hatua hizi.

1. Uliza maji kabla ya kuuliza kikosi. Saa ya mechi hupangwa na kamati, lakini saa ya safari hupangwa na bahari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha huchelewa kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, hujaa sana na kupwa sana. Ukitoka Salale au Kiongoroni bila kumsikiliza nahodha, chombo kitakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na fainali utasimuliwa kwa simu. Wahi Nyamisati, panda gari au bodaboda hadi Bungu, kisha ufuate barabara ya Kilwa kuelekea kusini mpaka Kibiti.

2. Jisifie ya jana, ya leo hayajachezwa. Yanga walicheza mechi 49 za ligi bila kupoteza. Novemba 29, 2022 wakaenda Mbarali, Ihefu wakawachapa 2-1. Ni kweli Simba walimaliza ligi ya 2009/10 bila kufungwa mechi, Azam wakafanya hivyo 2013/14, na Yanga wenyewe 2021/22. Lakini ligi ina nafasi ya sare, na sare huwaacha wote wawili na heshima zao. Fainali haina huruma hiyo. Dakika 90 zikiisha hamjafungana, kuna matuta, na lazima mmoja arudi na doa. Jizoeze mapema kulitamka neno hili: "Leo tumefungwa." Litamke mara kadhaa mbele ya mkeo au mumeo, naye akusahihishe.

3. Mamluki walalamikiwe kabla ya kipenga. Ukiona straika wa wapinzani anauliza Nyamisati iko upande gani, huyo ametoka Mbagala wiki hii. Peleka pingamizi kwa kamati mpira haujaanza, kwa sauti ya chini. Ila kwanza muulize winga wenu jina la mwenyekiti wa kijiji chake. Akibabaika, kaa kimya, mpira uchezwe.

4. Kamati ya ufundi isikupotezee fedha. Wakitaka kuingia uwanjani kinyumenyume, wapishe. Wakitaka mchango wa kuku mweusi, waulize kama beki wa kushoto ana viatu. Fedha ya kuku ni chupa za maji za timu nzima, na jua la Kibiti la saa tisa limewahi kuvunja ngome nyingi kuliko kafara yoyote.

5. Refa ana macho mawili na hana marudio ya televisheni. Wewe ulikuwa nyuma ya goli, umezibwa na muuza mihogo, nawe unadai umeona kuotea. Piga kelele, ni haki yako. Mstari wa chaki usiuvuke. Fainali nzuri ya namna hii hutokea mara chache mno, na shabiki mmoja aliyeingia uwanjani huivunja kwa dakika mbili.

6. Mkishinda, ruksa ya utani iishe bandarini. Watanie wapinzani njia nzima kutoka Kibiti. Mkifika Nyamisati, nyamazeni muulizane nani hajavaa boya, kwa sababu mtapanda chombo kimoja, na asitokee mtu wa kusimama kucheza ngoma katikati ya mkondo. Waliofungwa ndio watakaosukuma mashua yako ikikwama, ndio mnaovua nao kamba, na ndio watakaokuja kwanza kwenu mkipata msiba.

7. Mkifungwa, kaeni. Msikimbilie gari wakati wenzenu wanakabidhiwa kombe. Simameni, pigeni makofi, halafu wachukueni vijana wenu mmoja mmoja mkiwashika mkono. Wamecheza mashindano yote na kuanguka mara moja tu, tena mbele ya timu pekee iliyoweza kuwaangusha.

8. Mshindi ndiye amalizie. Kabla chombo hakijang'oa nanga, nahodha wa mabingwa amfuate nahodha wa walioshindwa, amwambie mbele ya watu kwamba ninyi ndio mliolipa kombe hili thamani. Nasisitiza mbele ya watu. Ubingwa wa kuwafunga wanyonge hausimuliwi hata miezi miwili. Ubingwa wa kumfunga asiyefungika, wajukuu watausikia, na kila watakapousikia, majina ya timu zote mbili yatatajwa.